Kofi la Alasiri

Dereva teksi anaingia baa usiku, jijini Belgrade. Mezani amekaa mwanamume kilema, polisi wa zamani, ambaye sasa hata kunyanyuka kitini ni kazi. Dereva anamnunulia kinywaji. Maongezi yananoga. Taratibu dereva anamkumbusha kijana mmoja ambaye askari huyu aliwahi kumpiga bila huruma enzi zile alipokuwa na magwanda na rungu. Kisha anaingia kwenye habari za mtu aliyemvizia gizani na kumvunja mifupa, hadi akawa hivi alivyo. Kijana yule ni yeye dereva. Na aliyevizia gizani ni yeye huyohuyo.

Tukio hilo limo katika Bure baruta, yaani Pipa la Baruti, filamu ya mwaka 1998 iliyoongozwa na Goran Paskaljević wa Serbia. Chimbuko lake ni tamthilia ya jina hilohilo ya Dejan Dukovski, mwandishi aliyezaliwa Skopje, Makedonia, mwaka 1969. Kutoka jukwaani kisa kikahamia kwenye sinema, kikaenda tamasha la Venice na kurudi na tuzo ya wahakiki. Marekani kilionyeshwa kwa jina jingine, Cabaret Balkan.

Mambo yote yanatokea usiku mmoja. Mabondia wawili, marafiki wa miaka mingi, wanaungamiana usaliti mmoja baada ya mwingine huku wakicheka, mpaka mmoja anamuua mwenzake. Kijana anateka basi lenye abiria kwa kuwa dereva anakawia kumaliza kahawa yake. Gari linagusa gari jingine barabarani, na mwenye gari lililoguswa anamfuata kijana aliyegonga hadi nyumbani kwa wazazi wake, anavunja kila kilichomo ndani. Damu katika filamu hii ni nyingi, lakini kinachomkaa mtazamaji rohoni ni udogo wa sababu. Kikombe cha kahawa. Mkwaruzo wa bodi ya gari.

Paskaljević hakuwa akisimulia wendawazimu wa watu wa mbali. Alikuwa akiwasimulia majirani zake. Belgrade ya katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imebanwa na vita vya Yugoslavia kwa upande mmoja na vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya mwaka 1992 kwa upande mwingine. Fedha ilikuwa imeporomoka hadi serikali ikachapisha noti ya dinari bilioni 500, na bado noti hiyo haikununua kitu cha maana. Watu waliodhulumiwa na wakubwa wasioweza kuwafikia walikuwa wakigeukiana wao kwa wao, ndani ya basi, baa na ngazi za maghorofa. Aliyepigwa alasiri alikuwa akipiga usiku, na aliyempiga hakuwa yule aliyemkosea.

Hilo ndilo funzo la makala haya, na halina utaifa. Hasira ni deni ambalo mara nyingi hulipwa kwa mtu asiyelikopesha. Mkopeshaji yuko mbali, ana gari, ana cheo, au hajulikani aliko. Anayelipwa ni aliye karibu: mke, mdogo mtu, mpita njia.

Kisa cha jukwaani kina faida moja, kwamba kinasafiri. Mwalimu Nyerere alimsafirisha Shakespeare hadi kwetu, mwaka 1963 kwa Julius Caezar na mwaka 1969 kwa Mabepari wa Venisi, na hakuna aliyelalamika kwamba Roma iko mbali na Butiama. Jirani zetu Wakenya nao wana mfano wao. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ambapo Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa, taasisi ya S.A.F.E. Kenya ilizungusha mchezo wa jukwaani uitwao Ni Sisi. Mchezo huo, kuhusu uvumi unavyowageuza majirani kuwa maadui, ukawa filamu iliyotoka mwaka 2013, mwaka wa uchaguzi mwingine, chini ya mwongozaji Nick Reding. Jina lenyewe linatosha kwa hotuba: walioumizana si wengine, ni sisi.

Basi nasi tuusafirishe usiku wa Belgrade, tuushushe Maneromango, wilayani Kisarawe. Kisa kinachofuata ni cha kutunga. Hakuna mtu wa Maneromango aliyemo ndani yake, ndiyo maana wahusika hawana majina. Lakini barabara, mikorosho, deni la bodaboda na ukelele wa usiku ni vitu ambavyo msomaji wa Pwani hahitaji kuelezwa.

Ni mwezi wa Novemba, msimu wa korosho. Saa tisa alasiri, bwana mmoja kutoka Dar es Salaam anatoka kuangalia shamba alilonunua miaka miwili iliyopita. Amekuta bikoni za mtu mwingine, na nyuma ya bikoni hizo msingi umeshachimbwa. Shamba limeuzwa mara mbili. Amempigia dalali simu mpaka chaji imekaribia kuisha, simu haipatikani. Anarudi mjini na hati mkononi na moto kifuani.

Mbele yake, kwenye barabara ya vumbi, bodaboda imebeba magunia mawili ya mkaa, lumbesa. Dereva ni kijana wa miaka ishirini na kitu. Pikipiki si yake. Ana mkataba na tajiri, na kila jioni lazima apeleke hesabu, iwe mvua iwe jua. Anasikia honi, anasogea pembeni, lakini gunia limetokeza, na gunia linang'oa saiti mira ya gari.

Bwana anashuka. Kijana naye ameshashuka, mikono kifuani. "Samahani bosi. Samahani sana, sikukuona. Tutaongea, nitalipa kidogokidogo." Bwana hajibu. Anaangalia kioo kilicholala vumbini, anaiangalia pikipiki, anamwangalia kijana, na kwa wakati huo kijana anakuwa dalali, anakuwa mwenye bikoni, anakuwa kila mtu aliyemfanya mjinga siku hiyo. Anamzaba kofi. Kisha anachomoa ufunguo wa pikipiki, anautupa vichakani, anaondoka.

Walioona ni watatu. Wanafunzi wawili waliokuwa wakitoka shule, na mama mmoja anayeuza mihogo ya kukaanga kando ya barabara. Wanafunzi walicheka, kama watoto wanavyocheka wanapoogopa. Yule mama alisema "Pole baba," akarudi kugeuza mihogo yake.

Kijana alitafuta ufunguo mpaka jua likazama. Aliupata, lakini mkaa ulifika umechelewa, mnunuzi alikuwa ameshapakia kwa mwingine, na hesabu ya siku haikutimia. Tajiri alimwambia kwenye simu, "Kesho usipoleta ya siku mbili, lete chombo changu." Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza sukari.

Nyumbani kwao wanaishi watatu: yeye, bibi yao, na mdogo wake wa kiume wa kidato cha tatu. Mama alifariki, baba yuko Dar na familia nyingine. Dogo alikuwa ameichukua simu ya kaka yake ya akiba, akaitumia kuangalia mpira hadi ikazima. Kosa dogo, la kila siku. Siku nyingine kaka angelalamika kidogo wakacheka. Siku hii alimpiga ngumi ya mdomo.

"Mwache mdogo wako!" bibi aliita kutoka jikoni. "Kakufanya nini?"

Dogo hakulia. Alishika mdomo, akaona damu kiganjani, akavaa kandambili, akatoka. Alikuwa anakwenda kulala kwa mjomba, kitongoji cha pili. Kwa Wazaramo mjomba ni mtu mkubwa, mwenye neno kwa watoto wa dada yake kuliko hata baba. Kijana aliyepigwa nyumbani alijua kwa nani atapokelewa.

"Mfuate mdogo wako," bibi alisema. "Usiku umeingia."

"Atarudi, bibi."

Njia ya mkato inapita chini ya mikorosho, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja ambaye wiki ile alikuwa ameibiwa mbuzi wawili. Hapo ndipo kandambili ilipokatika. Dogo aliinama kuchomeka kamba yake, mkono mmoja ukiwa umeegemea uzio wa banda la mbuzi kwa ajili ya kujishika. Mbuzi walilia. Mzee alitoka na kurunzi.

"Nani wewe?"

Dogo alisema jina lake. Lakini mdomo ulikuwa umeshavimba, ulimi ulikuwa umechanika kwenye meno, na jina lilitoka kama mtu anayejibaraguza. Mzee aliuliza tena. Jibu lilikuwa baya zaidi, kwa sababu sasa lilichanganyika na woga.

"Mwizi!"

Neno hilo likishatoka haliwezi kurudishwa. Walikuja kutoka kila upande, na kila mmoja alikuja na mzigo wake. Kulikuwa na mkulima ambaye malipo ya korosho zake za mnada yalikuwa hayajaingia, na mtoto anadaiwa michango ya shule. Kulikuwa na mchoma mkaa aliyenyang'anywa magunia yake njiani juzi yake. Kulikuwa na mwenye shamba la mihogo lililoingiliwa na ng'ombe, aliyefika ofisini mara kadhaa akaambiwa aje kesho. Kulikuwa na vijana waliotoka kibanda umiza, ambako sinema ya mapigano ilikuwa imekatishwa na ukelele, nao wakaona hii ndiyo sehemu ya pili. Hakuna hata mmoja wao aliyeibiwa mbuzi. Hakuna aliyemjua mwizi. Lakini wote walikuwa na mtu wanayemdai, na mtu huyo hakuwa hapo.

Nyumbani, bibi alisikia. Aligonga ukuta wa chumba cha mjukuu wake mkubwa.

"Amka ukaangalie kuna nini."

"Mwizi tu huyo, bibi. Wacha wamfunze."

Alikuwa amelala chali, shavu bado linamuwasha kwa kofi la alasiri. Alizisikia kelele mpaka zikapungua. Usingizi ulimchukua.

Aliyemtambua dogo alikuwa mjomba wake, aliyefika mwishoni kabisa na simu ya tochi. Walimpakia kwenye pikipiki iliyopatikana, wakamfikisha kituo cha afya. Muuguzi aliuliza iko wapi PF3. Mmoja aliondoka kwenda kuitafuta fomu hiyo polisi. Aliporudi nayo haikuwa na kazi tena.

Asubuhi polisi walichukua saba. Wengine walikuwa wameshavuka kwenda Dar, Mkuranga na kwingine, korosho zao zikibaki zinadondoka bila mwokotaji. Kati ya saba hao yumo aliyesema, na huenda ni kweli, kwamba hakumgusa marehemu. Alikuwa ameshika tochi ili wenzake waone. Yumo aliyesema alirusha fimbo moja tu. Yumo mzee mwenye mbuzi, ambaye kazi yake yote ilikuwa ni kupiga ukelele. Bwana wa Dar hakupata habari. Hata angezisoma gazetini, angesoma kwamba kibaka ameuawa huko Kisarawe, akafungua ukurasa wa michezo.

Kisa kimeishia hapo. Sasa tukifungue.

Jambo la kwanza ni la kisheria, na linasemwa mapema kwa sababu wengi hulijua wakiwa tayari rumande. Mtu anaweza kudhani kwamba umati hauna mwenyewe, kwamba wakipiga watu hamsini basi hakuna aliyeua. Sheria ya Tanzania haisemi hivyo. Kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu watu wawili au zaidi wanaoshirikiana katika nia moja isiyo halali: kosa likitokea kama matokeo yanayoweza kutarajiwa ya nia hiyo, kila mmoja anahesabiwa amelitenda. Kosa la kuua kwa kukusudia liko kifungu cha 196, na adhabu yake, kifungu cha 197, ni kifo. Shtaka la mauaji halina dhamana, na husikilizwa Mahakama Kuu. Maana yake kwa familia ya mshika tochi ni kwamba baba yao yuko ndani tangu siku ya kukamatwa, na shamba linauzwa kipande kwa kipande kulipa nauli na wakili. Dalali wa shamba hilo pengine ni yuleyule aliyeuza la bwana wa Dar mara mbili.

Sheria hiyohiyo haimnyimi mwananchi haki ya kumkamata mwizi. Raia anaruhusiwa kumkamata mtu anayetenda kosa mbele ya macho yake, ilimradi amkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Mshike, mfunge mikono ikibidi ili asitoroke, mkalishe chini, mwite mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji, piga 112. Yote hayo ni halali. Kinachovuka mpaka ni fimbo ya kwanza inayofuata baada ya mtu kuwa ameshakamatwa.

Hapa msomaji wa kijijini ana hoja yake, nayo haifai kupuuzwa. Atasema: kituo cha polisi kiko mbali, mwizi anapelekwa leo na kesho kutwa unamkuta gengeni anakunywa chai, anakuangalia. Mbuzi hawarudi. Ni kweli kwamba hali hiyo inaudhi, na viongozi wanaolilaumu kundi bila kuuliza kwa nini kundi halikungoja polisi wanafanya nusu ya kazi. Lakini tazama kisa chetu. Mbuzi wa mzee walirudi? Aliyeiba alikamatwa? Mwizi wa mbuzi alilala salama usiku huo, na baada ya hapo aliishi kwa amani zaidi, kwa sababu kijiji kizima kiliamini ameshauawa. Adhabu ya kundi ina kasoro hii ambayo haina dawa: haiwezi kukatiwa rufaa. Mahakama ikikosea kuna mahakama ya juu yake. Kundi likikosea kuna kaburi.

Jambo la pili ni la mnyororo wenyewe wa hasira. Dukovski na Paskaljević hawakutuonyesha jambazi mmoja wa kumchukia. Katika filamu ile mtu unayemwonea huruma sasa hivi ndiye utakayemwogopa baada ya dakika kumi. Vivyo hivyo katika kisa chetu hakuna aliyeamka asubuhi akiwa na nia ya kuua. Bwana wa Dar alidhulumiwa kweli. Dereva wa bodaboda alionewa kweli. Mzee aliibiwa kweli. Mkulima wa korosho anadai kweli. Kila mmoja ana haki yake mfukoni, na haki hizo zote zikijumlishwa zimemuua mtoto wa shule. Ndiyo sababu mahubiri ya kuwagawa watu kuwa wema na wabaya hayatusaidii hapa. Mtu mwema mwenye hasira halali ni hatari, hasa kwa kuwa anajua ana haki.

Jambo la tatu ni kwamba mnyororo ulikuwa na mapengo mengi ya kukatikia. Tuyahesabu kwa haki. Bwana angeweza kuchukua namba ya simu ya kijana na kuondoka na kioo chake. Muuza mihogo angeweza kumwita yule kijana, akamkalisha, akampa kipande na maji, wakautafuta ufunguo pamoja. Alisema pole, na pole ni kitu, lakini ni kitu kidogo. Tajiri wa pikipiki angeweza kuuliza kwa nini hesabu haikutimia kabla ya kutishia. Kaka angeweza kumfuata mdogo wake kama bibi alivyomwambia, hata kwa kununa. Mzee angeweza kusogeza kurunzi usoni, akaona damu mdomoni. Na kati ya wale waliokuja mbio, mmoja tu angeweza kusema, "Ngojeni. Huyu ni mtoto wa nani?"

Swali hilo lina nguvu kubwa kijijini kwetu kuliko bunduki. Belgrade ni jiji. Watu wanapigana ndani ya basi bila kujuana. Maneromango watu wanajuana. Kuna kanisa la Kilutheri lenye mizizi katika kazi ya wamisionari wa Kijerumani wa mwishoni mwa karne ya 19, kuna misikiti, kuna koo zinazoheshimiana, na ukiuliza mtoto wa nani utajibiwa hadi kizazi cha tatu. Tukiua mtu kabla ya kuuliza swali ambalo tunauliza hata kwa mgeni aliyekuja kuomba maji, tutakuwa tumeitupa silaha yetu bora.

Wazee wetu walijua kwamba hasira haizuiwi kwa amri. Waliijengea mlango. Mlango mmoja ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara iliyokuwa ikishuka kutoka bara kuja pwani, na mtani ana leseni ambayo hakuna mwingine anayo. Msibani, wakati ndugu wamevimba kwa uchungu na wanatafutana nani alimloga marehemu, mtani anaweza kuingia kaburini akakaa, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Watu wanakasirika, halafu wanacheka, halafu wanamlipa. Katika mlolongo huo hasira iliyokuwa inamtafuta mtu wa kumwangukia imepata mtu ambaye haruhusiwi kudhurika. Mlango mwingine ni mjomba, ambaye dogo wa kisa chetu alikuwa akimkimbilia. Mwingine ni baraza la wazee, ambapo mwenye dukuduku anasema mpaka anachoka, mbele ya watu, kabla ya yeyote kumjibu.

Milango hii bado ipo, ila tumeiacha ishike kutu. Dereva wa bodaboda anayepigwa kofi barabarani hana mahali pa kulipeleka kofi hilo. Kijiwe chake kina mwenyekiti, kina mfuko wa kuchangiana mtu akiugua au akifiwa, lakini hakina dakika kumi za jioni ambapo mtu anaweza kusema: leo nimedhalilishwa na hesabu sijapata, msije mkanikuta vibaya. Wanaume wetu hasa wamefundishwa kwamba kusema hivyo ni udhaifu. Basi wanakaa kimya, na ukimya huo wanaufikisha nyumbani kwa ngumi.

Kwa hiyo mambo ya kufanya si magumu, ingawa yanataka kufanywa kabla ya ukelele. Vijiwe vya bodaboda viweke utaratibu wa aliyepatwa na tatizo kuzungumza na mwenzake mmoja kabla ya kwenda nyumbani, na mwenzake huyo ampigie tajiri simu kumwombea siku. Serikali ya kijiji iwatangazie watu, si mara moja kwenye mkutano bali kila baada ya muda, namba za mwenyekiti, mtendaji na polisi kata, ili anayeibiwa mbuzi ajue nani wa kumwita saa tano usiku. Ulinzi shirikishi wa kitongoji uwe na mtu mmoja aliyepewa kazi moja tu: kusimama katikati ya umati na kuuliza jina. Waliokuja na tochi wamulike uso kwanza. Anayepiga ukelele wa mwizi ajue kwamba ameshika roho ya mtu, na akiona amekosea, apige ukelele mwingine kwa nguvu ileile: si yeye, si yeye.

Walimu wa shule zetu nao wana chombo mkononi. Mchezo wa kuigiza hauhitaji umeme wala fedha za kutoka Ulaya. Unahitaji uwanja, watoto na mtu wa kuongoza. Wachukue kisa kama hiki, waigize mbele ya wazazi siku ya mahafali, na kila baada ya onyesho moja wasimame wawaulize watazamaji: hapa nani angeweza kuzuia? Wasiwajibie. Waache baba mwenye korosho asimame aseme. Waache bibi aseme. Kijiji kitakachokuwa kimejibu swali hilo mchana kitakuwa na jibu mdomoni usiku.

Na wewe uliyesoma hadi hapa, huenda hutakuwa bwana mwenye gari wala mzee mwenye mbuzi. Uwezekano mkubwa ni kwamba utakuwa kitandani, umechoka, una kinyongo chako cha siku hiyo, na utasikia kelele. Amka. Nenda ukiwa na tochi na mikono mitupu. Ukimkuta mtu chini, muulize jina lake kabla ya kitu kingine chochote, na kama anajibu kwa tabu, mpe muda amalize.